Moja, Tano, Tatu

Mwezi wa sita, Uyole, maji ya ndoo huota ngozi,
ukiyagonga kwa kata yanalia kama kioo.
Ndani ya baridi hiyo Ambwene amelala chali
chini ya chuma. Miguu tu inaonekana,
viatu vya mvua: kimoja chake, kimoja cha marehemu kaka yake.

Mwaka wa nane sasa.
Bodi ni Pijo iliyobeba pareto enzi zake,
aliikuta Isyesye imegeuzwa banda la kuku,
akamlipa mwenye kuku mabati manne mapya
na jogoo akaja nayo, alikataa kushuka.
Paa akalikata. Mabega akayashusha.
Injini, silinda sita, ni ya gari kubwa
lililoteleza Mlima Nyoka na shehena ya mbao.
"Utaiweka wapi? Pua fupi hiyo."
Akaipima pua kwa kanga yangu, akairefusha.

Mimi nina hesabu zangu.
Magunia mawili ya viazi, lumbesa, yakawa ringi za pistoni.
Ndama wa mahari ya dada yake akawa rejeta.
Kabureta ililala chini ya kitanda chetu miezi saba
nami nina mimba, natapikia harufu ile;
mpaka leo nikinusa petroli tumbo hucheza,
kama kuna mtu anageuka ndani.

Juzi mwalimu wa darasa la kwanza kaniita.
"Mama Sekela, mtoto ana akili, ila hesabu zimemruka.
Nikimwambia ahesabu hadi sita
anasema moja, tano, tatu, sita, mbili, nne."
Nilicheka hadi akanuna.
Ndivyo moto unavyopita kwenye silinda, mwalimu.
Ndivyo baba yake alivyombembeleza.

Leo, basi. Betri ya kuazima kwa Gwakisa mchomeleaji.
Siti hakuna, kuna ndoo na gunia juu yake.
Breki hakuna, kila gurudumu na tofali lake.
Anageuza.
Nge-nge-nge-nge. Kimya.
Anageuza. Nge-nge, pwaa! Eksozi inatema moto,
jogoo yuko juu ya bati,
Mama Tumpale anachomoza juu ya michongoma:
"Jirani, mmetangaza vita?"
Mara ya tatu. Ya nne. Betri inaongea kichovu.
Ambwene kaweka paji la uso kwenye usukani.
Namjua. Msibani kwa kaka yake hakulia,
alikwenda kufungua giaboksi.

Sekela kasimama na sweta la shule, uji mdomoni,
kidole kinafuata waya mmoja mmoja:
"Moja. Tano. Sita."
Anarudi mwanzo.
"Baba, tatu iko wapi?"

Hakujibu. Alishuka, akatazama, akachomoa nyaya mbili,
akazibadilisha polepole
kama anayemvua mtoto viatu alivyovaa kinyume.
Akageuza.

Sijui niiandikeje sauti ile.
Si radi; radi ya Loleza iko mbali, haina mwenyewe.
Hii ilipanda kwenye udongo, ikaingia nyayoni,
vikombe vikagombana kabatini,
ngozi ya maji ikapasuka ndooni.
Gwakisa anapiga kelele, naona midomo tu.
Moshi mweupe, halafu wa bluu, halafu hakuna.
Sita zote. Hakuna iliyobaki nyuma.

Dakika moja na nusu. Kisha mpira wa maji ukaachia,
mvuke ukatufunika, akazima.

Chuma kinapoa, tik, tik.
Ananitazama kutoka kwenye ndoo yake, uso masizi,
kiatu chake na cha kaka yake juu ya pedeli.
"Breki," anasema. "Zimebaki breki tu."
Bei ya breki naijua. Tayari macho yangu yako bondeni,
kwenye viazi vilivyotoa maua.

Sekela kachelewa. Namchania karatasi,
kalamu inateleza kwa grisi, sijui nimeishika wapi:
Mwalimu, msamehe.
Alikuwa anaitafuta tatu.