Kimo cha Mabli

Nilifika Cwm Hesg saa tatu asubuhi, mvua ikipiga kwa ubavu,
maana mvua ya Welisi haina adabu ya kushuka wima.
Nilikuwa na futikamba ya mita thelathini, kamera ya ofisi,
na barua ya jirani isiyo na jina,
ingawa mwandiko niliujua:
ndio ulionisahihisha hesabu darasa la nne.

Ramani ina vilima vitatu.
Nilihesabu vinne.
Cha nne kilikuwa kinatoa moshi.

Tudur alifungua kabla sijabisha.
Hakuuliza mimi nani. Mtu mwenye futikamba mvuani
hajaja kununua mayai.
Heulwen akateleka birika. Nikakataa chai,
kisha nikanywa.

Bonde hili limehifadhiwa kwa ajili ya sululu.
Ndege, si chombo.
Hutaga chini, majanini, na hawarudi panapobweka mbwa.
Nilipoanza kazi nilihesabu viota tisa. Mwaka huu viwili.
Tudur alichimba kwa sululu penye sululu;
lugha yenyewe imemshitaki kabla yangu.

Basi nikapima. Urefu, upana, kina cha msingi,
nguzo za mwaloni alizokata kwa mkono,
paa la udongo na nyasi, kondoo wawili juu yake
wakila dari ya watu bila kujua.
Sheria ni msumeno, sawa,
lakini ni msumeno gani uliwahi kuvuliwa koti likaanikwa,
ukaulizwa, sukari vijiko vingapi?

Huku ukiishi miaka minne bila kuguswa, nyumba imepona.
Pungua siku moja, ni kifusi.
"Mmeishi hapa tangu lini?"
"Minne na ushei," Heulwen akaliambia birika.

Nyumba njema si mlango, walisema waliosema.
Hawakuuona huu.
Mabli, miaka sita, meno mawili pungufu,
alinishika mkono wenye kalamu akanipeleka kwenye fremu:
"Tazama nilivyorefuka!"
Mistari ya penseli, kila mmoja na tarehe yake.
Wa juu, mwezi jana.
Wa chini kabisa, karibu na goti langu lilipopiga magoti kusoma:
*Siku tuliyohamia.*
Nikatoa, nikakopa, kama nilivyofundishwa darasa la nne.
Miaka mitatu, miezi kumi, siku tisa.

Birika likapiga mluzi. Hakuna aliyeliepua.

Bibi yangu alizaliwa katika nyumba ya usiku mmoja.
Zamani maskini wa milima hii waliamini
ukianza kujenga jua likizama
na moshi ukatoka kabla halijachomoza,
nyumba ni yako, na ardhi pia,
hadi pale shoka litakapoangukia ukilirusha kutoka mlangoni.
Baba yake alirusha shoka. Alikuwa na mkono mzuri.
Leo nyumba ile ina kibao cha urithi wa taifa;
ukitaka kubadili dirisha lake
unaniandikia mimi.

"Nipime na mimi," Mabli akasema,
mgongo kwenye fremu, visigino vimebana,
"yako ni ndefu kuliko ya baba."
Baba yake alikuwa anatazama sakafu aliyoitandaza mwenyewe.
Nikampima. Sentimita mia na kumi na tatu.
"Andika."
Nikatafuta penseli mifukoni, sikuwa nayo.
Nikaandika kwa kalamu ya serikali, isiyofutika,
namba, na tarehe ya leo.

Garini nilikagua picha: thelathini na moja.
Msingi, nguzo, bomba, kondoo.
Mlango haumo.
Fomu ilikuwa mapajani, imejaa yote
isipokuwa kisanduku kimoja, cha tarehe ya kuanza makazi,
na huko nyuma, juu ya utosi wa mtoto,
mwandiko wangu ukikauka polepole,
nami sasa
ni ushahidi.