Kona ya Saba, Barabara ya Chunya

Kazi yangu ilikuwa debe la maji:
nisimame kona ya saba, begani mwa Loleza,
nisubiri rejeta zichemke.

Pijo la Mwalyego lilipita likikohoa vumbi,
kisha kobe la Jivraj wa duka la vipuri,
tairi zikitafuna changarawe,
ukungu ukimeza taa.
Kila gari peke yake. Adui ni saa
iliyoning'inia shingoni mwa Bi Sikitu, kule juu.

Halafu Fodi ya Ambakisye,
kuukuu kuliko sisi sote.
Tangi nyuma, injini mbele:
penye mwinuko petroli ikakataa kupanda.
Nikawasikia wa kona ya sita wakicheka.
Akashuka, akaigeuza kwa bega,
akatia rivasi.

Matako ya gari yakatangulia.
Yeye akiutazama mji wa Mbeya ukipungua,
mabati yake, moshi wake;
mimi nikaona kisogo tu kikinijia,
kikigeuka mara mojamoja
kuuliza njia.

Hakushinda. Wa tisa kati ya kumi na mmoja.
Alisimama kwangu, saa ikikimbia,
akanyoosha kikombe cha bati.

"Gari halina kiu," alisema. "Ni mimi."