Ghaidhi

Barua imekaa miaka kumi na tisa
ndani ya bati la biskuti, chini ya vifungo na risiti za maji,
nyumbani kwetu Ngamiani.
Baba alimwandikia dada yake, Mwanakombo wa Pangani,
kuhusu minazi saba na kisima,
mwandiko wa karani wa mkonge, umelalia kulia:
*Nimeingiwa na ghaidhi.*

Hakuandika hasira.
Hasira ni ya sokoni, ya chenji pungufu,
ya mtoto aliyemwaga uji.
Hii aliivisha kanzu,
akaifunga vifungo hadi shingoni,
akaibandikia stempu.

Shangazi hakujua kusoma.
Alisomewa na Mzee Kibwana, muuza mafuta ya taa,
aliyefika kwenye neno lile akakwama,
akakohoa, akaigeuza karatasi kana kwamba jibu liko nyuma,
mwisho akasema:
"Hapa kaka yako anasema anaumwa."

Basi la alfajiri. Kuku mmoja, miguu imefungwa kwa kitambaa.
Majani ya mwarobaini ndani ya kanga.
Akabisha hodi, barua mkononi:
"Unaumwa wapi?"

Baba, ambaye kwa wiki tatu alikuwa akipanga maneno
kama mtu apangaye mawe ya kurusha,
alinyamaza.
Kisha akashika kifua.
"Hapa."

Nimekuwa mtu mzima nikamuuliza Mwalimu Shekue,
mwenye kamusi isiyo na jalada.
Akasema, hasira huko ilikotoka ilikuwa huzuni,
majuto ya kitu kilichopita.
Hamaki ilikuwa upumbavu tu.
Ghadhabu hutoka nje ikavunja sahani.
Lakini ghaidhi, akasema, akigusa shati lake penye mfuko,
ghaidhi hubaki ndani na mwenyewe.

Kumbe Mzee Kibwana hakukosea sana.

Minazi haikutajwa mpaka alasiri,
na ilipotajwa ilikuwa sita,
mmoja ulishaanguka na mvua za masika
wala hakuna aliyejua ulikuwa wa nani.

Ninachokikumbuka ni kikombe cha bati.
Shangazi amesimama, mkono kiunoni, anangoja.
Baba akanywa mwarobaini wote hadi kwenye masimbi,
hakukunja uso.
"Mchungu?"
"Uchungu," akajibu,
kwa neno letu la nyumbani, ambalo halikuvuka bahari.