Zamu ya Maji

Shangazi Ndeshukurwa ametangulia, kanga kaikaza kiunoni,
viatu kavivua tangu pale Kidia, lami ilipokata tamaa.
"Viatu ni vya Moshi mjini," anasema. "Huku nyayo zina kazi."
Mimi nyuma, na jani la isale mkononi,
refu, bichi, nimelishika kama mtu aliyekabidhiwa kichanga
asiyejua kichwa kinaegemezwa wapi.

Njia inashuka katikati ya migomba na mibuni.
Udongo umelowa, unateleza kwa makusudi.
Kinyonga anavuka. Tunamsubiri.
Kushoto kwetu unatiririka mfongo, upana wa dhiraa tu,
maji yenye adabu, yanayojua yanakokwenda:
Jumatatu kwa akina Mlay, Jumanne kwa mjane,
Jumatano kwetu,
Alhamisi kwa Mzee Anaeli,
ambaye ndiye tunayemwendea.

Chini, mto. Hauonekani bado,
ila majani ya migomba yanautetemekea.

Kwenye maporomoko makubwa kuna kibanda cha mabati
na kijana mwenye kitabu cha stakabadhi.
"Mwenyeji au mgeni?" ananiuliza, macho kwenye raba zangu.
Nafungua kinywa. Niseme nini?
Miaka kumi na tisa Tanga. Kichaga changu ni cha salamu na matusi.
Shangazi hata hasimami:
"Liulize hilo jani."
Kijana analitazama. Anafunga kitabu.
Anatupisha kama watu wanavyopisha jeneza.

Maji yanaanguka. Sina namna nyingine ya kusema:
yanaanguka na hayaumii.
Wageni wawili wameingia dimbwini, wanapiga mayowe ya baridi.
Shangazi anachota kiganja kimoja, anasukutua, anatema.
Twende.

Baada ya hapo mto ni mwenzetu.
Tunauvuka kwa gogo, tunaurudia kwa mawe,
na kwenye jiwe la mwisho nateleza:
goti ndani, kiwiko ndani, simu ndani,
mkono mmoja tu juu, wenye jani.
"Hapo umefanya la maana," asema Shangazi.
Ndiyo sifa yake ya kwanza kwangu tangu msiba.

Basi nikauliza. Baba alifanya nini hasa?
Anajibu akiutazama mto:
mwaka wa ukame, kahawa inakauka, ada yako inadaiwa,
usiku wa Jumatano kuamkia Alhamisi
alitoka na jembe na bua la mgomba,
akaziba kule, akafungua huku,
maji ya mwenzake yakalala shambani kwetu.
Usiku mmoja. Hakuna aliyemwona.
Akakaa nao miaka ishirini na miwili,
hadi kitandani KCMC, sauti imebaki uzi,
ndipo akasema: pelekeni isale.

Mzee Anaeli tunamkuta anapalilia magimbi
pale mfongo unaporuka jabali lake,
maporomoko kimo cha mlango, yasiyo na stakabadhi.
Analipokea jani kwa mikono miwili. Analigeuzageuza.
Shangazi anaanza: "Ndugu yetu, usiku mmoja..."
"Najua," anasema. "Nilikuwa macho.
Haya maji nimelala nayo tangu nizaliwe.
Usiku ule, zamu yangu, yakashuka sauti,
yakawa kama mzee anayekojoa.
Nikamwambia mke wangu: Elifasi ana mtoto shuleni.
Nikageukia ukutani."

Kimya, yaani kelele za maji tu.
Nguo zangu zinachuruzika miguuni pake.
Shangazi, ambaye makaburini hakulia,
anajifuta uso kwa pindo la kanga
na kulaumu ukungu.

Mzee anachomeka jani juu ya kizingiti,
anang'oa magimbi matatu, ananitwisha.
Kisha anakunja uso, anasikiliza.
"Leo siku gani?"
"Jumatano."
"Hiyo sauti si yangu basi. Imenenepa mno.
Tangu Elifasi alale, kwenu hakuna anayefungua."
Ananipa jembe lake, mpini bado una joto.
"Panda upesi, mtoto wa shule.
Maji yenu yanapita bure."