Shubiri Nne

Kabatini kwangu, Magongo, nina kopo la maziwa ya unga.
Ndani: parafujo kumi na saba,
kizibo cha soda, kitasa cha sanduku la mtalii,
punje moja ya tasbihi
na waya uliopinda kama ukucha wa kunguru.
Vyote nimeviokota kwa mkono, alfajiri,
tukitembea bega kwa bega juu ya lami,
vichwa chini, kama watu waliopoteza pete.
Injini haichagui. Humeza.

Naitwa Nyevu. Kazi yangu ni bawa la kushoto.

Cheka ukitaka. Mama pia alicheka:
"Miaka kumi na miwili ya karo, ukalinde bawa?"
Lakini rubani, na mistari yake minne ya dhahabu begani,
haoni ncha ya bawa lake.
Kinyozi hajinyoi.
Juu huko ni bingwa, mawingu humpisha;
hapa chini, kwa mwendo wa mtu anayetumwa dukani,
ni kipofu wa kushikwa mkono,
na mkono wenyewe ndio huu.

Saa nane usiku, mwezi wa Julai.
Rasharasha imekatika punde,
lami yang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga.
Ndege ya kukodi, imechelewa saa tatu,
inakata kona kuja kwetu,
taa zake zimenijaa usoni.
Mbele yake Mwachiti na vijiti vyake vya nuru:
njoo, njoo, njoo.
Mimi kando, natazama pasipotazamwa na mtu.

Gari la ngazi.
Mbwarali aliliegesha kabla ya mvua, akaenda kunywa kahawa.
Aliliegesha vizuri, angekwambia.
Ila mstari mwekundu ulikuwa chini ya tairi la nyuma,
si mbele yake.
Mstari ni rangi tu, ndiyo.
Rangi aliyoipaka mtu baada ya kupima.

Nikapima kwa jicho. Jicho likasema: litapita.
Jicho la saa nane ni shahidi wa uongo.
Nikaviinua vijiti juu ya kichwa
nikavikutanisha msalaba.

Mwachiti akaona, akakutanisha vyake.
Ndege ikainamisha pua
kama ng'ombe aliyevutwa kamba ghafla,
ikasimama.

Redio ikaanza kunitukana kwa adabu.
Bawa la kushoto, kuna nini?
Kuna nyingine nyuma, inataka njia.
Abiria wameshasimama, wanashusha mabegi.
Bawa la kushoto, unasikia?
Nasikia.
Mikono ilitetemeka, nakiri.
Haikushuka.

Mbwarali akaja mbio, kikombe bado mkononi,
akaliondoa gari bila kuniangalia.
Njoo, akasema Mwachiti kwa vijiti. Njoo. Basi.
Injini zikazimwa, zikashusha pumzi.
Kabari zikaingia chini ya matairi, mbele na nyuma.

Ndipo nikaona: pale gari lilipokuwa
lami ilibaki kavu, mraba mweupe katikati ya weusi,
na kutoka ncha ya bawa, juu kabisa,
maji yalikuwa yakidondoka.
To. To.
Yalidondokea ndani ya pakavu.
Nikachutama, nikapima kwa kiganja
kutoka ukingoni hadi doa la matone.
Shubiri nne.

Daftarini niliandika mstari mmoja:
*Ndege ilisimamishwa dakika tatu. Ngazi.*
Abiria mmoja alilalamika kwa maandishi marefu kuliko yangu.

Watu husema ajali haina kinga.
Sijui. Huenda hawajawahi kuiona kinga,
maana kinga ikifanya kazi haionekani.

Mbwarali aliniletea kahawa. Ilikuwa imepoa.
Hakusema neno, nami nikainywa yote.

Kulipopambazuka tukajipanga tena, bega kwa bega.
Pakavu palikuwa pameshalowa, pamefanana na kwingine.
Nilitembea taratibu kuliko siku zote.
Sikupata kitu cha kutia koponi.