Mgao

Arobaini ya mama ilipokwisha, tuligawana.
Kaka Kibwana, nyumba ya Buguruni, mafungu mawili.
Mimi fungu moja, na cherehani isiyo na mkanda,
na doti tatu za khanga zinazonukia karafuu.
Shehe alisoma, karani akaandika, tukapiga dole gumba.
Mgongo hakuna aliyeutaja.

Mgongo wa mama ulikuwa na saa zake.
Ulianza kuwaka baada ya Isha,
ukapanda taratibu mpaka kisogoni,
na ukifika kisogoni, yeye huyo, mlangoni:
komeo, kufuli, komeo.
Anarudi kitandani. Anashuka tena.
Komeo. Kufuli.
Tulicheka, watoto sisi.
Tulidhani ni vitu viwili,
kimoja cha mifupa, kimoja cha uoga,
na hicho cha pili tulikiita tabia.

Na bibi Mwamtoro, husimuliwa,
alilala masika mazima kageukia ukuta.
Walimpunga kule Mtoni siku saba,
shetani akabembelezwa ataje jina,
hakutaja.
Siku ya nane bibi aliinuka, akachambua mchele,
mkono mmoja kiunoni.

Sasa ni mimi, miaka arobaini na mmoja,
benchi la Muhimbili, namba sabini na nne,
bahasha ya eksirei mapajani.
Picha hazina kitu.
Nimeshazoea kuambiwa hazina kitu,
kwa sauti ile ya mwenye duka
anayekurudishia noti na kukutazama usoni.

Daktari Kahabuka, kijana, kiatu kimeachia soli,
hakuninyooshea bahasha.
Aliuliza: kwenu, nani mwingine anaumwa?
Nani halali?
Akageuza karatasi ya dawa, akachora miduara,
bibi, mama, mimi, na mistari ya kutuunganisha,
na kila duara akalitia nukta mbili.

Alisema jeni. Alisema si moja, ni nyingi mno,
na kila moja inatoa kidogo,
kama mchango wa harusi: huyu elfu mbili, yule elfu tano,
mpaka kamati yenyewe inashangaa ukumbi umejaa.
Na ziko, alisema, zinazochangia kamati mbili kwa mpigo,
ya maumivu na ya hofu,
ndiyo maana utawakuta wageni walewale
kwenye shughuli zote mbili.
Lakini mchango si ndoa, akasema.
Kuna usingizi pia. Kuna kodi ya nyumba. Kuna uliyoyaona utotoni.
Mengine hatujui bado, akasema, akafunika kalamu.

Nilikuwa nimepanga kumuuliza habari ya vidonge.
Nikajikuta namsimulia habari ya makufuli.

Usiku ule mita ya umeme ililia.
Nikainuka, nikaitazama: yuniti themanini na mbili.
Haina shida. Inalia tu.
Fundi alishasema, chombo kizima, king'ora ndicho chepesi.
Nikasimama mbele yake gizani, kiuno kinawaka,
ile taa nyekundu inakonyeza, inakonyeza,
na sikuweza kuichukia.

Saa nane kasoro. Nikampigia Kibwana,
mwenye mafungu mawili.
Akapokea kabla haijaita mara ya pili.
Kaka, nikasema, unalala?
Akanyamaza.
Katika ule ukimya nikasikia, upande wake,
ndani ya nyumba ya mama,
chuma kikisukumwa polepole, kama anayemficha mtu:
komeo.
Kufuli.

Ni wapi? nikauliza.
Shingo, akasema. Na huku begani.
Tangu lini?
Wewe nawe, akasema. Ningemwambia nani?

Basi tukagawana,
safari hii bila karani,
mpaka salio likakatika.