Mnong'onezi

Shimoni mwangu, chini ya mbao za jukwaa,
nilikuwa na mshumaa, kitabu, na mafua yasiyokwisha.
Juu yangu taa za gesi zilivuma kama nyuki.
Watu wa Trondheim walilipa kuona nyuso.
Mimi niliona viatu.

Miaka kumi na mmoja niliisoma ndoa kutoka huko chini:
buti la mume linavyogeuka kabla ya mdomo wake,
kisigino cha mke kinavyorudi nyuma nusu hatua
huku juu, nadhani, uso ungali ukitabasamu.
Mke ni nguo, husema watu.
Basi mimi niliwajua wake kwa pindo:
pindo lililoshonwa upya, pindo lenye tope la kweli
la mwigizaji aliyekuja kwa miguu kwa kukosa nauli.

Valborg Stenersen alikuwa na tope hilo.
Msimu mzima alikuwa mke wa mwenye meli.
Tendo la tatu, alivua pete ya funguo kiunoni
(ya ghala, ya kabati la fedha, ya sanduku la shuka)
akaziweka mezani moja moja,
nami nikizihesabu kwa mlio wake. Saba.

Mwandishi alimruhusu aondoke.
Bodi ya ukumbi haikumruhusu.
Walikuja waheshimiwa wawili na kasisi,
wakanywa kahawa, wakala keki,
na ukurasa mpya ukabandikwa juu ya ule wa zamani:
mke anafika mlangoni, anasikia mume akikohoa,
anarudi, anapiga magoti, anasema, Nisamehe.
Gundi ile ilinuka samaki hadi mwisho wa msimu.

Jumamosi ilikuwa siku ya mshahara.
Bwana Stenersen alingoja kwa karani, kofia mkononi,
mpole, ndevu zimechanwa,
akatia sahihi yake,
akapokea kroni za mkewe. Ndivyo sheria ilivyokuwa.
Hakumpiga, msinielewe vibaya.
Nauli alimpa, akikumbuka.
Mimi, mjane, nilijitilia mwenyewe: Oline Tessem.
Mwandiko mbaya. Lakini wangu.

Ikawa usiku mmoja wa Februari.
Valborg akafika mlangoni. Mume akakohoa, kama ilivyoandikwa.
Viatu vikageuka, vikaja hadi ukingoni mwa shimo langu.
Kisha, kimya.

Kusahau kuna dalili zake.
Vidole hujikunja ndani ya ngozi,
uzito huhama kutoka mguu huu hadi ule;
nimewaokoa wengi kabla hawajajua wanazama.
Viatu vyake vilitulia kama miguu ya meza.
Hakusahau.

Neno lenyewe moja. Ni-sa-me-he.
Nilikuwa nalo ulimini, kama peremende.
Kazi yangu ilikuwa hiyo tu, na kwa hiyo nililipwa.

Nikajitia hamnazo.
Nikaupuliza mshumaa.

Mume akakohoa tena.
Akakohoa mara ya tatu, sasa kwa hofu ya kweli.
Mtu roshani akacheka, akanyamazishwa.
Harufu ya utambi ilinijaa puani, chafya ikanijia,
nikaibana kwa viganja vyote viwili,
na hapo juu yangu ngozi ikalia kidogo:
viatu vilikuwa vinageuka.
Hatua nane.
Mlango wa turubai haugongi kwa kishindo.
Unatikisika tu, kama shuka kwenye kamba.

Nilikatwa kroni sita.
Yeye alikatwa kumi na mbili, na aliyelia ni mumewe.
Wengine walisema ameonekana akipanda meli ya Bergen;
wengine, kwamba alirudi nyumbani akapasha supu.
Sikuuliza. Niliogopa ile ya supu.

Jumatatu binti mwingine alivaa gauni lile,
pindo limepigwa pasi, halina hata doa.
Akalitamka neno vizuri, bila kunihitaji.
Lakini kabla ya hapo aliweka funguo mezani
nami, kwa mazoea, nikahesabu.

Sita.